Simu moja ya chumba nzima

Alhamisi, kisha kula chakula.

Aibu ingali inanikamata. Ni mimi ninachunga Wi-Fi ya home, ile nyumba mabinti wanafunzi wanalala, na ni mimi nilikata simu yao moja. Ku mashini yangu ilionekana inatumika usiku na muchana, bila kupumuzika. Nikasema: huyu anauzisha internet. Nikaifunga siku tatu, bila kuuliza mutu.

Leo mabinti ine wakaingia mu biro na simu moja, kioo imepasuka. Mwenye simu, Espérance, mwenye kutoka Shabunda, akasema polepole: «Papa, hii simu iko ya chumba nzima. Tunasomea humu kwa zamu.»

Nikapandisha sauti: «Sasa juu ya nini hamukujiandikisha wote ku Wi-Fi?»

«Fomu inaomba jina moja tu, papa.»

Ile fomu, ni mimi niliitengeneza.

Nikarudisha simu yao ku Wi-Fi palepale, nikaandika majina ine. Mukubwa wangu atasema. Aseme.

Lakini walinionyesha karatasi yao ya zamu. Kila mwenye kumaliza saa yake anaweka alama. Zile siku tatu nazo ziko na alama, hata ku saa tisa ya usiku. Waliendelea kuamuka, kujaribu.