Mbwa Kwenye Viti vya Silvanus

Nasha uko? Nina hasira!

Leo mimi na Silvanus tumetembeza wale wageni wenye gari la kulala, mtu na mkewe na mbwa wao wawili. Gari lao tumeliacha kambini Mang'ola, tukaenda na la Silvanus hadi karibu na Ziwa Eyasi, kisha tukashuka tutembee.

Nikamwuliza Silvanus njia ikoje. Akasema, "Pita tu dada, pamekauka."

Pamekauka!! Nilizama mpaka mapajani, kamba za mbwa wote wawili mkononi. Wakanivuta, nikaanguka kifudifudi kwenye tope.

Na yeye anarekodi! Alijua, Nasha. Wageni ndio walionitoa. Video ameshaitupa kwenye grupu la waongoza watalii, bosi ameiona.

Nikajifuta tope usoni, nikashika tena kamba za mbwa.

Tuliporudi kwenye gari, Silvanus akaenda pembeni kupiga simu. Yule mama mgeni akauliza tutandike turubai kwanza? Nikamwambia hapana, Silvanus amesema mbwa wapande hivyo hivyo.

Vile viti vyake vipya vyeupe, unavijua. Mbwa wakapanda, wakajikung'uta, tope hadi kwenye dari.

Akaja mbio. "Brigita! Umefanya nini?"

Nikamwambia, "Rekodi basi."

Nilidhani nitajisikia vibaya. Wapi! Wageni wamesema kesho wanataka mimi peke yangu.

Sasa hivi yuko nje na ndoo, anasugua. Amekuja mlangoni mara mbili kuniomba msamaha. Nimemwambia bado kuna tope chini ya kiti cha nyuma.