Kadi za Dokta Nasra

Jumapili, mwezi wa saba. Uyole.

Baridi ya leo si ya mchezo. Ukungu umeikalia barabara tangu alfajiri, malori yanapita yamewasha taa na saa nne imeshapiga, na mimi sikwenda kanisani. Nimemwambia mume wangu kichwa kinauma. Kichwa hakiumi. Naogopa tu kukaa mahali palipotulia.

Nina jambo la kukiri, na blogu hii ina wasomaji wachache kiasi kwamba nitalisemea hapa.

Nimeharibu kazi ya maisha ya mtu.

Mtu mwenyewe ni Dokta Nasra. Alizaliwa Iringa mjini, nyuma ya duka la baba yake, Mwarabu aliyeuza vitenge na chumvi. Kwao binti alisoma kidogo, akaolewa, akakaa dukani. Yeye akaenda chuo kikuu kusomea akiolojia, wa kwanza katika ukoo mzima, wake kwa waume, akarudi na sururu na mwiko wa fundi. Kaka zake walimwambia anafukua makaburi ya watu. Kwenye ofisi ya mambo ya kale walimuuliza Mwarabu atatueleza nini kuhusu mababu zetu. Kule Usangu, karibu na Igawa, wafugaji waliamini kabisa kwamba anatafuta mali iliyofichwa na Wajerumani, na kila jioni hakukosekana mtu wa kuja kuchungulia shimo aone kama dhahabu imetokea.

Alichokuwa anatafuta ni mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki watu wakishayeyusha chuma. Alitaka kuonyesha kwamba watu wa Usangu walikuwa na matanuri yao zamani sana, kabla babu zake yeye hawajapanda huku na misafara yao kutoka pwani. Hebu fikiria. Mtoto wa Mwarabu anaungua jua miaka yote hiyo ili aseme kwamba sisi hatukuletewa kila kitu.

Nilimfuata msimu wa tatu wa uchimbaji, nikiwa mwanafunzi wake. Ndio msimu tuliolifikia tanuri la chini kabisa, lile alilolitafuta siku zote. Kazi yangu ilikuwa moja: kuandika kadi. Kila kipande kikitoka shimoni kinaingia kwenye mfuko wake pamoja na kadi yake, inayosema ni shimo gani, kina gani, na nani ameandika. Bila kadi kipande ni jiwe tu, maana ukishalitoa ardhini haliwezi kukuambia lilikaa wapi. Akanipa sheria mbili. Ya kwanza, andika kwa penseli, kwa sababu wino haupatani na unyevu. Ya pili, usichokijua andika "sijui". Usibuni.

Mimi nilikuwa na kalamu ya wino. Baba alininunulia nilipochaguliwa chuo, ina kifuniko cha rangi ya dhahabu, na nikiishika mwandiko wangu ulikuwa wa msomi hasa. Penseli niliiona ya watoto wa darasa la kwanza. Nikawa naandika kadi nimemgeuzia Dokta mgongo.

Basi, ni hivyo tu. Hakuna kisa kikubwa zaidi ya hicho.

Mvua ilituwahi kabla hatujaandika namba kwenye vipande vyenyewe, na kibali cha kurudi hakikutoka tena. Nilipopata kazi ya ualimu, sanduku la bati lenye mifuko yote likawekwa stoo kwenye shule ninayofundisha. Dokta akastaafu, akarudi Iringa, akazeeka. Kila aliponipigia nilimjibu kwamba sanduku liko salama. Sikuwahi kulifungua. Paa la stoo lilikuwa linavuja, hilo nililijua, lakini nilijiambia bati ni bati.

Mwezi uliopita makumbusho fulani yaliandika barua: watavipokea vipande na kuichapa ripoti ya Dokta, mradi kila kipande kiwe na kadi. Wanakuja Jumatano hii. Alhamisi nikalileta sanduku nyumbani, nikalifungua. Mifuko mizima, vipande vizima, na kadi mia mbili na kitu zenye madoa ya bluu, wino wote umeyeyuka kwa maji. Nilizishika moja moja mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye chache niliweza kusoma herufi A, mwanzo wa jina langu.

Jana nilikwenda Iringa kumwambia. Njia nzima nilikuwa naipanga sentensi. Tulipopita Igawa nilitazama upande tuliochimba. Ni mashamba ya mpunga sasa, trekta limeshapita juu ya kila kitu.

Salma, mtoto wa kaka yake anayemtunza, alinipokea mlangoni. "Karibu dada. Shangazi leo kaamka vizuri, ila macho ndiyo hivyo tena, haoni."

Alikuwa amekaa karibu na jiko, shuka mabegani. Nikamwamkia shikamoo, akanijua kwa sauti.

"Marahaba, Atu. Kadi ziko sawa?"

"Ziko sawa, Dokta."

Ilinitoka yenyewe, kama mtu anavyojibu salamu. Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma. Akaniomba nimwandikie shukrani za ripoti. Akataja wachimbaji wote kwa majina, na mama aliyetupikia, na mzee aliyetuachia shamba lake. Kisha akasema, "Mwisho andika hivi: namshukuru mwanangu Atupele, aliyeandika kadi zote kwa mkono wake. Bila yeye nisingekuwa na la kusema."

Niliandika neno kwa neno. Mwandiko ulitoka mzuri, na hilo ndilo linalonichukiza.

Leo asubuhi nimefanya baya zaidi. Nilichukua daftari lake la shimoni, lililokuwa humo sandukuni na linasomeka kwa kuwa yeye aliandika kwa penseli, nikachukua na penseli na kadi mpya. Daftari linaorodhesha kila kilichotoka na kina chake, ila halisemi kipi ni kipi. Hiyo ilikuwa kazi ya kadi. Mabonge yote meusi yanafanana. Nikajiuliza, nani atajua? Nikaanza kugawa, haya ya juu, haya ya chini. Nikaandika kadi saba. Zilikuwa safi, zinasomeka. Ripoti ingetoka, Dokta angesomewa angali hai.

Na ingekuwa ripoti ya uongo yenye jina lake juu. Wale waliouliza Mwarabu atatueleza nini wangekuwa wamepata jibu, na jibu ningekuwa nimewapa mimi.

Kadi saba nimezitia kwenye jiko la mkaa. Ziliwaka mara moja zikaisha.

Mume wangu amepita hapa mara mbili. "Mama Lusajo, hayo mawe yatakula Jumapili yote?" Nimeendelea kupanga mifuko. Yeye hajui kitu, anadhani nafanya usafi.

Sioni njia. Jumatano watakuja, watafungua sanduku, watasema pole mwalimu, wataondoka. Yatabaki mawe ya kuzuia mlango usipigwe na upepo. Dokta nimwambie, au nimwache aondoke duniani akiamini? Nimejiuliza tangu jana na kila jibu linanitia aibu.

Nimechonga penseli upya. Kadi ya kwanza imekamilika.

Shimo: sijui.

Kina: sijui.

Ameandika: Atupele.

Zimebaki mia mbili na kitu.