Mashimo ya Desemba

Ganda, Malindi
3 Januari 2026

Kwa ndugu yangu Mwalimu Musyoka,

Nakusalimu wewe na Mama Ndinda, nikitumaini kwamba goti lako limepata nafuu na kwamba mvua ya huko Makueni haikuwanyima pojo. Sisi huku tu wazima. Mke wangu anawasalimu.

Ulinipigia simu mara mbili kuniuliza kwa nini binti yako hakuja nyumbani Krismasi, nami mara zote mbili nilikujibu kwamba ana kazi. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa kamili. Chuoni tulifundishwa kwamba jibu pungufu halipewi alama. Nalikamilisha hapa, kwa maandishi, kwa sababu si jambo la simu.

Unajua kwamba katika shule hii ninayoiongoza Ndinda si mwalimu wa serikali bali wa bodi. Mshahara wake hutoka katika mfuko wa shule. Fedha tulizozitarajia hazikufika, na mfuko ukakauka. Walimu sita wa bodi pamoja na Purity, mpishi wetu, walifunga shule Novemba wakiwa hawajalipwa tangu Agosti. Juu ya hayo, afisa wa afya alikuja akavitazama vyoo vya wanafunzi, akaandika kwamba shule isifunguliwe Januari bila vyoo vipya. Wachimbaji sikuwa na cha kuwalipa. Nilikuwa na walimu.

Niliwaita wiki ya pili ya Desemba, katikati ya likizo. Niliwaambia wasikate tamaa, kwamba mwaka mpya utakuja na fedha, na kwamba atakayevumilia likizo hii nitamkumbuka kwa jina lake. Mwaringa, mwalimu wa historia, ambaye ulimi wake haujui likizo, akasema moyo wake umekwisha kushiba maneno, shida ni kwamba tumbo lake halijui kusoma. Wakacheka. Nilicheka nao, kisha nikatangaza mweria.

Mweria unafanana na mwethya wenu: majirani hukusanyika wakamfanyia mwenzao kazi, naye huwapikia. Lakini kwetu Wagiriama kuna sharti moja. Aliyekula chakula cha mweria hadai ujira, kwa kuwa kazi na chakula vimekwisha kulipana. Nililijua sharti hilo nilipomwagiza Purity aweke sufuria motoni. Walimu wa kutoka bara hawakulijua, wala sikuwaeleza.

Walichimba siku tisa. Ardhi yetu ni mchanga juu na mawe chini. Wawili walitaka kuondoka siku ya tatu, na Ndinda ndiye aliyewazuia. Alishuka shimoni kabla ya wanaume, akaimba nyimbo za kwenu, na wengine wakaitikia bila kuyajua maneno. Mwaringa alimwuliza kutoka juu kama hiyo ndiyo kemia anayoifundisha. Akamjibu kwamba hapana, hiyo ni historia, maana mmoja anafanya kazi na mwingine anasimulia. Kila mchana walikula sima na kunde za nazi.

Siku ya mwisho aliniomba, mbele ya wenzake, nimkatie nauli ya kuja kwenu kutoka katika mshahara anaotudai. Nilimwuliza kama amekula. Akasema amekula, na kunde zilikuwa tamu. Ndipo nilipolitaja sharti. Nilisema pia kwamba anayedai baada ya kula, kwetu huonekana amekosa malezi. Wenyeji walicheka. Mwaringa peke yake hakucheka. Ndinda alinitazama, kisha akasema, sawa Mwalimu, kama ningalijua ningalikula kidogo.

Ndiyo sababu hukumwona Krismasi. Hakukuambia kwamba hana nauli kwa kuogopa kwamba utauza mbuzi.

Hilo, Musyoka, ndilo dogo.

Siku ileile niliyowaita, mkuu wa shule moja ya binafsi huko Tezo alinipigia simu. Ndinda alikuwa ameomba kazi kwake, na mwanamke huyo alikuwa tayari kumwajiri kuanzia Januari, kwa mshahara kamili. Alitaka neno langu tu. Nilijua kwamba Ndinda akiondoka wenzake watamfuata siku hiyohiyo, na mashimo hayatachimbwa. Nilimwambia kwamba ni mwalimu mzuri, lakini ana kifafa, na kwamba huanguka mbele ya wanafunzi. Binti yako hajapata kuanguka hata siku moja. Mwanamke yule alinishukuru kwa ukweli wangu.

Na nilipokuwa nikisema hayo, nilikuwa na waraka mezani. Bodi ilikwisha kukata shauri tangu Novemba: serikali inatuletea mwalimu wa kemia, na nafasi ya Ndinda inafutwa. Niliwatia moyo wote wavumilie, yeye akiwa mstari wa mbele, nikiwa najua kwamba hana pa kurudi.

Jana nilimpa barua ya kumwachisha kazi. Aliuliza kama amekosa. Nilisema ni upungufu wa fedha. Alinishukuru kwa kumvumilia miaka mitatu, akaniambia kwamba Tezo pia hawakumjibu, pengine Mungu hakupenda. Nilisema pengine.

Vyoo vimepitishwa. Shule inafunguliwa Jumatatu, na watoto mia tatu na arobaini wataingia darasani. Sikuombi msamaha, kwa sababu nikirudishwa kwenye simu ile nitasema maneno yaleyale. Nimekuandikia kwa kuwa uliponikabidhi mwanao ulisema unamwacha kwa baba yake wa pili.

Nauli nimempa leo kutoka mfukoni mwangu. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe; anadhani ni ya salamu na ya kumsifu. Ukimwambia yaliyomo, ni haki yake. Usipomwambia, tutakuwa wazee wawili tunaomficha.

Nisalimie Mama Ndinda, na watoto wote wa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake. Lazima nifunge bahasha, kwa sababu binti yako amefika mlangoni kuichukua. Ameniamkia shikamoo. Nimemwitikia marahaba.

Ni mimi mwenzako wa chuoni,
Dzombo Kavumbi