Makumbi Yako Tumeyafukua

Baba,

Hili sijamwambia mtu: harufu ya makumbi ya nazi yaliyooza naipenda. Wenzangu wakipita kwenye mashimo ya pwani, wanamoyafukia wanawake ili yatoe nyuzi za kamba, huziba pua kwa ukaya. Nami huziba, nikavuta pumzi kwa siri. Ndiyo harufu uliyokuwa ukirudi nayo. Kanzu zako Mama alizifua zote akazigawa, basi nikikukumbuka nakwenda huko.

Nami nimekatazwa. Tangu ulipochomwa na kijiti cha mkoko mle shimoni, kidonda kikafunga upesi, tukadhani yamekwisha, kisha taya zikakaza hata maji hayapiti, Mama hataki kusikia neno matope. "Vijidudu vyake ndivyo vilivyomuua," huwaambia wanaokuja kutupa pole. Lakini siku taya zilipoanza kukaza, kabla ulimi haujakuwa mzito, uliniambia kwa Kiingereza ili Mama asielewe: kijidudu kilichoingia unakijua, na kosa si la matope, kosa ni lako mwenyewe, kwenda bila viatu. Hilo nalo sijamwambia.

Ulianza kwa kupima damu za wagonjwa kule hospitali ya Wete, ukaja kwenye maji ya visima, ukaishia kwenye matope ya mikoko, ukanasa humo. Watu wakakuita Bwana Matope, nawe ukiitika. Siku uliponiinamisha kwenye darubini yako ya kutazamia vijidudu, nikaona tone la maji ya shimo limejaa vitu vinakimbizana, nikapiga ukelele.

"Hao ndio wafanyakazi wa shangazi yako," ukasema. "Wanaozesha makumbi usiku na mchana, wala hawagombani."

"Basi waje wanitwangie na mpunga," akajibu Shangazi Mize.

Makumbi yake hulainika kabla ya makumbi ya wenzake wote. Wanawake wakisema ana dawa. Weye ukasema dawa ni matope yake ya zamani, yamejaa wenyeji, wale wafanyakazi wake. Ndipo ukachimba mashimo mawili mapya. Moja ukalitia matope kutoka shimo la Shangazi, la pili ukaliacha na matope yake lenyewe. Ukafukia makumbi siku moja, ukaweka mawe juu, ukanionyesha mie peke yangu lipi ni lipi, wanawake wasije wakalipendelea moja. Hukuwahi kuyafukua.

Leo maji ya bahari yalipotoka Shangazi aliwaita wenzake. Mama yuko Wambaa kwa wazee wake, basi niliwafuata. Nilivaa viatu vyako vya kazini, vile ulivyokuwa ukiviacha mlangoni visichafuke. Vinanipwaya, Baba. Nimevijaza vitambaa.

Wakafungua mashimo yote mawili, wakaanza kurusha makumbi kwenye fungu moja. Unanijua, mbele za watu sauti hunikauka. Nikatazama. Nikaona kazi yako inapotea mbele ya macho yangu, kumbi moja juu ya jingine.

"Msichanganye!"

Bi Time, mmoja wao, akaangusha jembe. "Ala! Kumbe ana sauti huyu! Sie tukidhani bubu."

"Sauti ya baba yake," akasema Shangazi. Hapo hakucheka mtu.

Nikaingia mwenyewe, nikayatenga yaliyobaki. Wakayapiga. Ya shimo lenye matope ya Shangazi yakafumuka mara moja, nyuzi za usumba laini kama nywele za mtoto. Ya shimo la pili yakawa yanaurudisha juu mti wa kupigia, magumu vilevile. Shangazi akayashika haya, akayashika na yale.

"Kwa hiyo alisema kweli," akasema.

Ulisema kweli, Baba. Na hukuwapo. Nikalia mle mle matopeni, wakaniacha nilie.

Wale wataalamu wa Ulaya uliokuwa ukiwaandikia hawajajibu. Watu wanasema vita vimezuia meli. Hawajui hata kama umekufa. Nitawaandikia mie, kwa Kiingereza ulichonifunza, niwaambie yote mawili, kufa kwako na haya ya leo.

Nasikia ndara za Mama ukumbini. Amerudi mapema. Kila siku karatasi hizi mie huzisukuma chini ya mkeka asizione. Viatu vyako viko mlangoni na tope lake halijakauka. Ameshaviona, maana ndara zimesimama.

Leo sizifichi. Nitamwambia nilikokuwa, na lile neno ulilolisema kwa Kiingereza pia, ajue ulichokuwa ukikijua. Pengine atalia upya. Nitakaa naye.

Pumzika, Baba. Mashimoni nitafukia makumbi tena, na nikiingia humo, viatu sivivui.

Mwanao