Upande Mmoja wa Mzizi

Mjukuu wangu Neema,

Bwana asifiwe. U mzima huko chuoni? Sisi hapa Ilula Mungu anatulinda, na nyanya zimekubali.

Umeniuliza uwaendeeje wazee wenye dawa. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, walitujia walimu wawili wa chuo, mmoja wa mimea, mwenzake wa mila. Yule wa mimea akashika jembe aung'oe mti uliokuwa ukimtibu mdogo wangu.

"Baba, ukiung'oa wote," mama akamwambia, "kesho mwanangu atakunywa nini?"

Wa mila akauliza, "Kwani mama, ninyi mnachimbaje?"

Mama akakata mzizi wa upande mmoja, akafukia shimo. "Huo wenu. Uliobaki wa mtoto."

Mtoto huyo ndiye bibi yako Tumaini. Asubuhi hii amekuja kuazima jembe.

Nijibu mapema, mwanangu.

Bibi yako