Trebo Kumi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Jana saa tano na dakika kumi asubuhi, mbele ya kwaya nzima, nimenyang'anywa solo. Mwaka mmoja na miezi miwili nimeishika! Mwalimu Stanslaus akasema kwa ile sauti yake ya kuombea wagonjwa: Mama Dorah, gitaa lako linatoboa masikio, wewe shika rizimu, solo apige Athanas. Asteria wa sauti ya kwanza, anayesimama mbele ya amplifaya, akaongeza kwamba tangu Pasaka anaimba na pamba sikioni. Watu wakacheka. Pamba!

Noti nilikosa mbili. Athanas kwenye wimbo uleule alikosa sita — nilihesabu kwa vidole vya mguu, ndani ya kiatu. Kwa hiyo si vidole vyangu. Ni sauti. Kurekodi video ni Jumamosi tarehe 14, studio ya Nyasubi, Kahama. Siku kumi na mbili. Na mpiga rizimu kwenye video anawekwa nyuma ya besi, nyuma ya maua. Sikuanza gitaa nikiwa na miaka arobaini na moja ili nikae nyuma ya maua.

Jumanne, 3 Juni

Nimetazama YouTube. Mmoja anasema badili nyuzi, wa pili badili waya, wa tatu badili gitaa lenyewe. Wote wanauza vitu! Nimebadili nyuzi, za zamani zilikuwa na kutu. Nikapiga dakika arobaini pale kazini. Sioni tofauti. Nikapandisha trebo ya amplifaya, ile ya sauti kali, kutoka 9 hadi 10. Afadhali kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Leo! Niandike kwa mpangilio.

Mazoezi nafanyia kwenye kibanda changu cha kazi, hatua sita kutoka karasha zangu mbili. Zenyewe zinasaga mawe ya dhahabu, mimi napiga. Ndivyo nilivyojifunza, muda mwingine sina. Saa nane na nusu mkanda wa karasha ya pili ukakatika. Masalu, anayelisha mawe, akazima zote mbili. Mimi niko katikati ya wimbo. Ghafla kimya — na ndani ya kile kimya, gitaa langu.

Mungu wangu. Bati linachanwa! Kuku wakaruka uzio. Masalu akaja mbio na spana mkononi, ananiita mama kwa Kisukuma: Mayu, nani kaumia?

Nikaangalia nobu za amplifaya. Trebo 10. Geini, ile ya kukwaruza, 9. Besi 1. Nani kazipanga? Mimi mwenyewe! Karasha inanguruma chini, inameza besi yote, basi besi nikaiona haina kazi. Trebo nikapandisha ili nijisikie juu ya magololi ya chuma yanayogongana humo ndani. Miezi kumi na minne nimeshindana na karasha, halafu kila Jumapili nabeba silaha zilezile kwenda kumpiga Asteria, ambaye hana hata gololi moja.

Nikamwambia Masalu asifunge mkanda kwanza. Akaniuliza mara mbili kama naumwa. Saa nzima na robo mashine zimelala, wachimbaji wamepanga viroba vyao foleni, wananung'unika. Trebo 4. Besi 5. Ya katikati 6. Geini 3. Swichi ya gitaa nikaisogeza upande wa shingo. Ile plastiki ninayopigia, niliyoikata kwenye kifuniko cha dumu, nikaitupa, nikatumia kidole gumba.

Sauti ikatoka nene, kama uji wa ulezi ukimiminwa. Mchimbaji mmoja akaacha kunung'unika, akakalia kiroba chake. Masalu: Kumbe lilikuwa gitaa!

Nimebandika tepu nyeupe kwenye amplifaya na kuandika namba zote kwa kalamu nyekundu.

Jumapili, 8 Juni

Kosa ni tepu.

Amplifaya ya solo kwaya inayo moja, na ni yangu. Niliipeleka kanisani jana jioni. Leo nafika saa tatu kamili, Athanas keshachomeka! Anasoma namba zangu kama tangazo la ndoa. Sijafungua mdomo, ibada imeanza. Mimi nikachomekwa kwenye spika ya matangazo.

Akapiga. Sauti yangu! Tamu! Asteria akatoa pamba mbele ya watu wote, akafutia machozi. Baada ya ibada Mwalimu akanishika mkono: Umeona sasa, Mama Dorah? Solo inatakiwa ilie hivi. Muombe Athanas akuelekeze. Nikamwambia namba ni zangu. Akasema sote ni wa Bwana.

Athanas alikosa noti tano. Hakuna aliyesikia, sauti ilizifunika kama mchuzi.

Jumatano, 11 Juni

Jumatatu Mwalimu alisema tuombe. Jana alisema tutaona. Leo anasema Athanas ameshashona suti. Suti ndiyo inapiga?

Nikampa njia: ageukie ukuta, tupige mmoja mmoja, amplifaya ileile, namba zilezile, ahesabu makosa. Sauti ikiwa moja, vinabaki vidole. Akasema tutamjeruhi kijana wa watu. Mimi nilipojeruhiwa mbele ya watu arobaini, nani aliuliza?

Amplifaya nimeirudisha kwa bodaboda. Tepu nimebandua. Namba ziko kichwani.

Saa kumi na moja nimemwandikia: Shikamoo Mwalimu, ukuta ndiyo au hapana? Amejibu: Marahaba, ubarikiwe.

Basi! Nimemwandikia tena, na hapa naunakili ujumbe wote:

Mwalimu, kubarikiwa nimeshabarikiwa. Nataka neno moja, ndiyo au hapana, kesho Alhamisi kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi na dakika moja Masalu anawasha karasha zote mbili, mimi narudi kibandani kufanya mazoezi, na Jumamosi Nyasubi nakuja na trebo 10.