Spika ya Kushoto Iko kwa Kaka

Jumamosi, 3 Mei

Masanduku ya spika yamekwisha! Mawili, yananifika kiunoni, pembe zimekaa sawasawa, hakuna linaloyumba. Miezi minne ya jioni na Jumamosi. Nimegongagonga kwa kucha kila mahali kusikiliza kama kuna vinia iliyoachia gundi. Hakuna. Nikasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, nikasema kwa sauti, "Haya, si hayo!" Jokofu likanguruma kidogo. Hiyo ndiyo hongera niliyopata.

Sasa kumalizia. Nipake nini? Vinia ni ganda la mti, jembamba kama kadi ya mwaliko. Ukiharibu huwezi kupiga randa ukaanza upya. Na hizi hazipatikani tena. Baba aliziacha nne tu, mkangazi mmoja, zimelala chini ya kitanda katikati ya plaiwudi mbili. Alizipa namba kwa chaki: moja, mbili, tatu, nne. Seremala yule hakuwahi kuandika hata barua, ila mbao zake alizihesabu kama watoto.

Nilizifungua kama kurasa za kitabu, mishipa ya mti itazamane. Moja na tatu sanduku la kushoto, mbili na nne la kulia. Chaki ya mbili na nne ikaingia ndani kwenye gundi – nafuu, kazi ya kufuta ikapungua.

Jumapili, 4 Mei

Nimeshinda ndani. Nikawasha spika ya zamani, ile moja.

Wimbo aliokuwa anaupenda Baba akipiga msasa. Mwimbaji yuko upande wa kushoto, ngoma na tarumbeta kulia. Mimi ninayo ya kulia. Ya kushoto iko kwa kaka. Kwa hiyo mwaka wa sita huu nasikiliza tarumbeta likimjibu mtu ambaye hayupo.

Mimi ni fundi wa mashine za hospitali. Kuunganisha nyaya ili pande zote mbili zitoke kwenye spika moja ni kazi ya dakika tano. Sikutaka. Nilitaka nione nani atashindwa kwanza.

Tuligawana vitu vya Baba vizuri tu mpaka tukafika kwenye spika alizotengeneza kwa mkono wake. Hapo tukagoma wote. Kila mtu akabeba moja, kama waliogawana jozi ya viatu! Kaka akasema mimi nilikuja kuzika, kuuguza sikuwepo. Ni kweli, nilikuwa masomoni, mbali. Nami nikamwambia yeye alikuwa anasubiri benchi la useremala la Baba kama kunguru juu ya jalala. Mbele ya watu wote. Ulimi hauna mfupa. Tangu siku hiyo salamu zetu zinapitia kwa wifi.

Ndiyo maana nimetengeneza zangu. Mbili. Nisimhitaji mtu.

Jumatano, 7 Mei

Nimepita kwa Mama Rangi nikitoka kazini. Ana duka la rangi na misumari, anakaa nyuma ya kaunta kama hakimu. Nikamweleza masanduku yangu. Akauliza, ya mume? Nikasema ya kwangu. Akasema basi nichukue vanishi ya kung'aa, mwanamke anayekaa peke yake anahitaji kitu cha kujitazamia. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Nikacheka na mimi.

Njiani kurudi haikunichekesha tena.

Nimebeba mikebe midogo: vanishi ya kung'aa, vanishi isiyong'aa, laka, mafuta ya kitani, nta.

Ijumaa, 9 Mei

Jana jioni nilipaka vipande vitano vya masalio, vyote vya namba moja na namba tatu. Vya namba mbili na nne sijui nilivitupa wapi.

Vanishi ya kung'aa: inaonekana kama meza ya mapokezi. Isiyong'aa: kama imepakwa maziwa yaliyochujwa. Laka: safi, lakini harufu yake imenitoa machozi na dirisha liko wazi. Nta peke yake: laini, ila ukiweka kidole, alama yake inabaki pale. Mafuta: karibu. Karibu, lakini siyo.

Nimevipanga dirishani nikawa naviangalia. Ukikaa peke yako unajifunza kupika, kubadilisha balbu, kujipaka dawa mgongoni kwa mwiko. Ila kuuliza "hiki au kile?" – hilo haliwezekani peke yako. Nikavitia kwenye mfuko wa chakula cha mchana nikaenda navyo kazini. Mwenzangu wa karakana akavitazama kimoja kimoja, kwa heshima kabisa. Akasema vyote ni kahawia.

Jumamosi, 10 Mei

Spika ya Baba nimeisogeza kwenye mwanga. Rangi yake ni nyekundu ya ndani, kama chai ya rangi ukiinua glasi dirishani. Hakuna kipande changu kinachofanana nayo. Alipaka nini? Nilikuwa mtoto wa waya mimi, nikikaa chini ya benchi na bisibisi yangu, ndiyo wakanipa jina hilo hilo, Bisibisi. Wa kupaka alikuwa kaka.

Duniani anayejua ni mmoja.

Nimeandika ujumbe mara saba. Mwingine ulikuwa mrefu kama hotuba. Niliotuma ni huu: Shikamoo kaka. Zile spika Baba alizipaka nini?

Miaka sita, halafu nauliza habari za rangi! Nikaiweka simu chini ya mto nisiione.

Jumanne, 13 Mei

Amejibu!! Niko kwenye ngazi ya wodi, mashine ya watu nimeitua chini. Nanakili ujumbe hapa kama ulivyo:

Marahaba. Mafuta ya kitani na tapentaini, nusu kwa nusu. Paka, subiri robo saa, futa yote. Kaa siku tatu, rudia. Mara tatu. Mwisho nta. Matambara usiyakunje, yaning'inize nje, yakirundikana yanajiwasha moto yenyewe. Na usiwe na haraka kama kawaida yako.

Kama kawaida yangu! Hakuuliza hali. Hakuuliza kwa nini. Hata hivyo nimeusoma labda mara ishirini.

Jumamosi, 17 Mei

Sina nguvu ya kuandika vizuri.

Nilijaribu kwanza kwenye kipande. Safi! Rangi ya Baba yenyewe! Nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Nikapaka sanduku la kushoto, zuri. Nikapaka la kulia – mkebe ule ule, tambara lile lile, saa ile ile – likaanza kuwa jeusi. Nikafuta. Likazidi. Sasa yamesimama pale, moja jekundu, moja kama limemwagiwa kahawa. Hata kipofu angeona.

Vinia za Baba. Za mwisho.

Nikamwandikia kaka na mikono ina mafuta: Asante kwa kunifundisha nusu. Kama hutaki kusaidia ungenyamaza tu, umeshazoea.

Nikatuma. Nilijua ni baya na nikatuma.

Jumapili, 18 Mei

Hajajibu. Matambara yananing'inia kwenye kamba, yamekauka, magumu kama ngozi. Nimeyaona ndiyo nikakumbuka ule mstari wake wa moto. Mtu anayetaka kukuharibia hakuonyi usiungue.

Sikutoka. Sikula mpaka jioni.

Jumanne, 20 Mei

Nilikuwa nafagia. Meza ikayumba – ina mguu mfupi, ina kabari chini. Nikainama kuirudisha. Kabari yenyewe ni kipande cha vinia, kimekunjwa mara mbili, kimevunjika katikati, na chaki ya Baba bado iko upande mmoja: mbili.

Nikaacha ufagio.

Nikakitenganisha. Nusu moja nikaipaka mafuta upande wenye chaki. Nusu ya pili nikaipaka nyuma yake. Robo saa nimekaa sakafuni nasubiri kama ninasubiri majibu ya daktari. Upande wa chaki: mwekundu. Nyuma: kahawa.

Nimechukua lenzi ya kazini nikatazama. Ganda linapokatwa na kisu upande mmoja unabaki laini, wa pili unapasuka nyufa ndogondogo ambazo jicho tupu halizioni. Nyufa hizo ndizo zinazokunywa mafuta. Mimi nilizigeuza mbili na nne, kwa ajili ya urembo wa mishipa. Na kujaribu nilijaribu kwa moja na tatu peke yake. Fundi wa kupima mashine za watu, nikapima upande mmoja!

Kaka hakuninyima kitu. Nimemtukana bure, tena mara ya pili.

Jumatano, 21 Mei

Nilitaka kuandika kila kitu. Benchi, kunguru, masomo, kwamba kila nilipotaka kuja kumuuguza, Baba mwenyewe aliniambia nisiache mtihani. Kidole kikakataa. Nikatuma hivi: Nisamehe kwa ule ujumbe. Vinia mbili niligeuza, kosa ni langu.

Nimeomba radhi ya vinia. Ile ya kunguru bado.

Jioni jibu likaja. Maneno mawili: Jumamosi upo?

Nipo. Nitaenda wapi mimi!

Jumamosi, 24 Mei

Niko jikoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya kifuniko cha sufuria. Maji ya chai yamechemka zamani.

Amekuja. Nilisikia mtu anapumua kwa nguvu kwenye ngazi, nikafungua kabla hajabisha. Amebeba spika yake imefungwa kwenye shuka, jasho linamchuruzika. Nywele zimekuwa nyeupe! Sikuambiwa. Wifi hakuniambia. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, pisha nitue hiki kizigo. Basi. Ndivyo ukimya wa miaka sita ulivyovunjika, nikiwa nimebana ukutani kumpisha.

Akayatazama masanduku yangu, lile jekundu na lile la kahawa. Akapitisha kiganja, akainama akaangalia pembe. Akasema kazi ya mkono ni nzuri. Halafu akafungua shuka, akaiweka spika yake kando ya yangu, zile za Baba, kushoto na kulia, kama zilivyokuwa nyumbani.

Hazifanani!

Yangu nyekundu. Yake nyeusi, kahawa kabisa. Utoto wangu wote niliziona kuwa moja. Nikamwangalia. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani. Anasema Baba naye aligeuza. Akanuna wiki nzima, akamwapisha yeye, kaka, asimwambie mtu, hasa Bisibisi, maana Bisibisi anadhani baba yake hakosei. Ndipo alipoanza kuandika namba kwa chaki. Kila namba upande unaopaswa kutazamwa na watu.

Nilidhani alikuwa anazihesabu tu.

Nikacheka, nikacheka, halafu uso ukaanza kuniharibika, nikasema ngoja nikaangalie chai. Ndiyo nipo hapa. Namsikia anahangaika na nyaya. Ametoa santuri ya ule wimbo wa Baba, nimesikia jalada. Kuhusu kunguru na benchi hajasema. Wala mimi. Nikirudi na vikombe nitalisema kabla muziki haujaanza. Au ukianza. Sijui. Akiwa amekaa, nadhani, asiwe amebeba kitu.

Anaita. "Bisibisi! Huu waya mwekundu unaingia wapi?"

Anajua. Alinifundisha yeye, nikiwa sijajua hata kusoma.

Anaita tena –